Uso wa Ndahani

Askari anayejua kuwa anachorwa hudanganya kwa mwili mzima. Methusela aliligundua hilo mapema. Mtu aliyekesha akikohoa alikuja kukaa mbele yake, akavuta pumzi mpaka kifua kikatuna kama cha jogoo. Mwingine aliyelala akimlilia mkewe alikunja uso utadhani alizaliwa na hasira. Ombasha mmoja, yaani koplo, miguu imejaa funza, alitaka achorwe na buti ambazo hakuwa nazo. Methusela hakubishana na mtu. Buti aliwachorea, kifua aliwaongezea. Macho ndiyo yalimshinda kuyasingizia. Aliyachora yalivyo, na kila aliyepokea picha yake alinyamaza kwanza ndipo akashukuru.

Ilikuwa Dodoma, mwaka ambao Wadachi walikuwa bado wameishikilia reli huku Waingereza wakisukuma kutoka kaskazini, upande wa Kondoa. Vikosi vilishushwa na treni, vikapumzika kidogo, kisha vikashika njia kwenda huko kwenye mizinga. Methusela hakuwa askari. Kazi yake ilikuwa kuandika alama kwa rangi kwenye magunia na masanduku ya ghala la stesheni, maana mkono wake ulikuwa mzuri. Kuchora alifundishwa misheni na Mzungu mmoja ambaye, vita vilipoanza, aligundulika kuwa Mwingereza akachukuliwa kifungoni. Misheni ikafungwa, wanafunzi wakatawanyika. Methusela akaangukia ghalani, na jioni akawachorea askari kwa mkaa, kwenye karatasi za kufungia mizigo.

Alikaa peke yake katika chumba cha tembe nyuma ya ghala, nyumba ya udongo yenye paa bapa ambayo wenyewe walikuwa wameihama walipochoka na kelele za treni. Upweke wa chumba kile haukuwa wa mchezo. Ndipo akajitungia dawa. Aliupaka ukuta udongo mweupe, na kila askari aliyemchorea picha ya kupeleka kwao, alimchora tena pale ukutani, kichwa tu, abaki naye. Ukuta ukajaa. Kila asubuhi aliwaamkia kabla ya kwenda kazini, na jioni aliwapa habari za ghalani, gunia lipi limepasuka na nani kaiba chumvi. Mtu angemkuta angesema amerukwa na akili. Hakuna aliyemkuta, kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kumtembelea.

Uso wa kwanza kuchorwa ukutani, juu kabisa karibu na boriti, haukuwa wa askari. Ulikuwa wa baba yake, Ndahani. Methusela alikuwa ametoka nyumbani kwao, Haneti, kwa ugomvi: yeye alitaka misheni, baba alitaka mtoto wa kuchunga ng'ombe. Siku anaondoka baba alimgeuzia mgongo. Kabla ya mwaka kwisha baba akafa, na habari zikamfikia Methusela matanga yamekwisha kuanuliwa. Aliona aibu kurudi mwaka ule, na mwaka uliofuata aibu ilikuwa kubwa zaidi, na hivyo hivyo hadi akawa mtu asiye na kwao. Alipomchora baba yake hakumchora yule wa mwisho, wa mvi na hasira. Alimchora yule wa zamani, kijana bado, aliyekuwa akimbeba mabegani kwenda kisimani.

Kisha akaja Hasani.

Hasani alikuwa Mgogo kama yeye. Jina hilo alilipata jeshini. Ndewe zake zilikuwa zimetanuliwa kama za kijana yeyote wa Kigogo, naye alizikunja akazipachika juu ya masikio ili zisimsumbue chini ya kofia. Alikuja kuchorwa siku kikosi chake kilipofika, na kesho yake akaja tena bila sababu yoyote. Walikula ugali wa uwele kwa mlenda, wakazungumza Kigogo, lugha ambayo Methusela alikuwa amebaki akiisema na ukuta tu. Hasani alicheka sana alipoona wale wote wamechorwa mle ndani. Hakusema ni wazimu. Aliwauliza majina yao mmoja mmoja, na Methusela akamtajia, na kwa mara ya kwanza tangu misheni ifungwe alijiona ni mwenyeji wa mahali fulani.

"Mimi nichore nilivyo," Hasani alimwambia. "Usiniongezee kitu."

Methusela akamchora, kwenye karatasi na ukutani. Hasani aliitazama ile ya karatasi kwa muda mrefu.

"Huyu mtu anaogopa," alisema.

"Ndivyo ulivyokaa."

"Nami nilidhani nimeficha." Aliikunja ile karatasi, akaikunjua tena. "Tunakwenda Kondoa tukiwa wengi, tunarudi kwenye machela. Nilikuwa najiambia moyo wangu umetulia. Kumbe wapi."

"Kila mtu anaogopa, Hasani. Watazame hao ukutani."

"Wangapi wamerudi?"

Methusela aliugeukia ukuta. Majeruhi walipoletwa kutoka Kondoa alikuwa akitoka kuwaangalia, akitafuta nyuso alizozijua, na mara nyingi alirudi chumbani mkono mtupu. Hasani alimrudishia karatasi, akasema hataki kuipeleka kwao, mama yake asije akaiona. Wakaagana mlangoni. Kesho yake kikosi kikaondoka, na kilipofika mapumziko ya kwanza na majina kuitwa, Hasani hakuwepo.

Methusela alizisikia habari hizo ghalani, akafurahi na kuogopa kwa pamoja. Askari aliyetoroka wakati wa vita adhabu yake ilijulikana, na haikuwa viboko. Akaichoma ile karatasi. Ule wa ukutani alikusudia kuufuta jioni, lakini jioni ilipofika alikaa mbele yake akaona hawezi. Alikuwa na rafiki mmoja tu, na rafiki mwenyewe alikuwa wa mkaa. Akajiambia ataufuta kesho.

Hiyo kesho, wageni wakaja. Wa kwanza alikuwa Mdachi aliyeachiwa ulinzi wa stesheni, mzee mwenye miwani iliyopasuka kioo kimoja, ambaye watu walimwita Bwana Miwani. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa wa hatari kuliko ukali, maana alitaka kila jambo liishe upesi. Nyuma yake alikuwa ombasha Shaaban, Mnyamwezi, kiongozi wa rugaruga, askari wa msaada waliokuwa wakisaka watoro. Hakuna kati yao aliyewahi kumwona Hasani kwa macho. Kikosi kilichomjua kilikuwa tayari mbali kikielekea kwenye mizinga.

"Naambiwa unawachora wote," Bwana Miwani alisema, akiutazama ukuta. "Nionyeshe Hasani."

Methusela alipiga hesabu upesi. Akipoteza muda atashukiwa. Akisema Hasani hakuchorwa, stesheni nzima ilijua kwamba anawachora wote. Akionyesha askari mwingine yeyote, atakuwa amemfunga mtu wa watu kitanzi. Macho yakampanda ukutani, safu kwa safu, hadi juu kwenye boriti. Pale palikuwa na Mgogo kijana, ndewe zake zimekunjwa juu ya masikio vile vile, na huyo hakuna rugaruga duniani ambaye angemkamata.

"Yule pale, bwana," alisema. "Wa juu."

"Mbona hana kofia?" Shaaban aliuliza.

"Alikuja bila kofia, ombasha."

Bwana Miwani akaagiza uso ule unakiliwe kwenye karatasi, kila doria ipate yake. Na hapa ndipo Methusela alipokosea zaidi. Angeweza kuzichora vibaya. Angeweza kuipinda pua, kuupanua mdomo, akatoa kitu kisichofanana na binadamu yeyote, na lawama ingekuwa ya mkaa. Lakini uso ulikuwa wa baba yake. Tangu amchore ukutani hakuwa amekaa naye hivi, kwa utulivu, akimpitia kope kwa kope. Alizichora vizuri. Alizichora kwa mapenzi, moja baada ya nyingine, na alipozikabidhi macho yake yalikuwa na machozi ambayo Shaaban aliyadhania ni ya woga.

Siku zilizofuata zilikuwa na raha ya ajabu. Alipokuwa akiandika alama kwenye magunia alimfikiria mzee Ndahani akizungushwa mifukoni mwa rugaruga katika nchi yake mwenyewe, akipita Chemba, akipita visima alivyovichimba, akitafutwa kila kichaka naye amelala zake kaburini. Baba yake asiyependa kuamrishwa angeufurahia mchezo huo. Methusela alicheka peke yake mpaka wapagazi wakamwangalia. Akaona kama wamepatana, yeye na baba, baada ya miaka yote ile.

Alikuwa ameinamia gunia la mtama, brashi mkononi, alipoinua macho akamwona baba yake akiingia uani.

Alikuwa kijana, amefungwa kamba shingoni na mikononi, vumbi mpaka kwenye kope. Uso ni ule ule, mashavu yale yale yaliyobonyea, ndewe zile zile juu ya masikio. Shaaban alitembea nyuma yake akitabasamu kama mtu aliyeua chui. Brashi ikamdondoka Methusela. Kwa kitambo aliamini kabisa kwamba wafu hukamatwa. Kisha akakumbuka kwamba alipoondoka nyumbani aliacha mtoto, kitindamimba aliyekuwa akichunga ndama kwa fimbo ndefu kuliko yeye, aliyebaki na mama nyumbani kama kitindamimba wa Kigogo anavyobaki. Mwaluko. Watoto hukua, hata kama wewe umewasahau wakiwa na ukubwa uleule.

"Tumemtoa kisimani, njia ya kutoka Haneti," Shaaban alimwambia Bwana Miwani. "Alikuwa anauliza njia. Kiswahili anajifanya hajui."

Bwana Miwani aliweka karatasi kando ya shavu la kijana, akatazama huku, akatazama kule. Hakuhitaji kutazama sana.

"Wewe," alimwita Methusela. "Lugha yake unaijua. Muulize ana la kusema?"

Mwaluko alimgeukia Methusela. Hakumtambua hata kidogo. Aliona tu mtu wa kabila lake katikati ya wageni, na uso ukamchangamka.

"Ndugu yangu, Mungu amekuleta," alisema kwa Kigogo. "Waambie watu hawa mimi si mwizi. Nimetumwa na mama. Tumesikia watu wa misheni wanakamatwa, mama halali, amesema niende Dodoma nimtafute kaka yangu nimrudishe. Anaitwa Methusela. Huenda unamjua."

"Anasemaje?" Bwana Miwani aliuliza.

"Anasema anamtafuta kaka yake, bwana."

"Kaka yake nani?"

"Ni mimi."

Akamwaga yote pale pale. Kwamba picha ile si ya Hasani, ni ya baba yao, na baba yao amekufa zamani. Kwamba huyu hajashika bunduki maishani mwake. Wamtazame mabega, wampe bunduki waone atakavyoishika. Shaaban alisema mtoro yeyote anajua kujifanya mjinga wa bunduki. Bwana Miwani alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, bila hasira, kwamba ana simu ya maandishi ya kujibu, na simu inataka mtu aliye kwenye picha, na mtu aliye kwenye picha ni huyu.

"Basi njooni," Methusela alisema. "Nitawaonyesha Hasani wa kweli."

Aliwapeleka chumbani. Aliweka kidole juu ya uso wa rafiki yake, yule aliyekula naye ugali, aliyewauliza askari wa ukutani majina yao. Alilisema jina kwa sauti. Alisema Hasani ana kovu chini ya taya la kushoto, nalo hilo hapo. Mkono haukumtetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote.

Bwana Miwani alivua miwani yake akaifuta kwa kitambaa.

"Juzi kidole chako kilikuwa pale," alisema. "Leo kiko hapa. Kesho utanionyesha mimi mwenyewe. Ninyi Wagogo mnahurumiana, na sikulaumu. Ila picha zako hazina kazi kwangu tena."

Alikuwa amemtoa Hasani, na hakuna aliyempokea.

Alipewa viboko hamsa ishirini kwa kusema uongo, na uongo aliochapiwa ndio uliokuwa ukweli. Bwana Miwani akaamua mfungwa apelekwe kwa treni ya jioni upande wa Morogoro, kikosi cha Hasani kikirudi nyuma kitakutana naye huko. Kama si Hasani, alisema, wenzake watasema. Methusela alilishika neno hilo kama mtu aliyefikwa na maji shingoni. Hakuuliza kikosi chenyewe kimebaki na watu wangapi baada ya Kondoa. Wapagazi walikuwa wakisema, lakini siku ile hakutaka kusikia.

Waliachwa uani wakisubiri treni, Mwaluko amefungwa kwenye nguzo, Methusela amelala kifudifudi kando yake kwa sababu kukaa hakuweza. Jua lilikuwa likishuka na upepo wa kipupwe ulikuwa umeanza kuvuta vumbi. Shaaban, ambaye hakuwa mtu mbaya kazi ikishaisha, aliwapa maji na kuwaacha na ile karatasi, kwa vile sasa ilikuwa haina haja.

"Kwa hiyo ni wewe," Mwaluko alisema.

"Ni mimi."

"Nilidhani utakuwa mrefu." Alisema hivyo bila dhihaka. Kisha akaielekea karatasi kwa kidevu. "Na huyu?"

"Baba."

Mwaluko aliinamia ile karatasi kadiri kamba ilivyomruhusu. Methusela akaona anatafuta kitu mle, anakwenda na kurudi.

"Mimi sura yake siikumbuki," alisema hatimaye. "Watu wazima husema nimefanana naye. Nilidhani wananifurahisha tu, kwa vile alikufa ningali mdogo. Kumbe alikuwa hivi."

Methusela alimtazama mdogo wake, na kwa mara ya kwanza alimtazama jinsi alivyowatazama askari wote waliopita mbele yake. Akaona kwamba hawakufanana kiasi hicho. Mwaluko alikuwa na alama nyeupe kidevuni, ya kwato labda, na alipozungumza mdomo ulikwenda upande, jambo ambalo baba hakuwa nalo. Macho yalikuwa ya mama. Mtu yeyote aliyekaa nao nyumba moja angeyaona hayo mara moja na angeiona hatari mapema. Kama angekwenda nyumbani hata mara moja, kwa kusalimia tu, asingewapa rugaruga uso ule. Aliwaza hivyo na uchungu ukamjaa, akalia na uso chini mavumbini. Mwaluko akamwacha alie.

"Maumivu yatapungua," alimwambia, akidhani ni viboko.

Treni iliingia. Rugaruga walimfungua Mwaluko kwenye nguzo. Aliinuka upesi, kijana mwenye nguvu, akajipangusa vumbi kwenye magoti kana kwamba anakwenda kwa wakwe.

"Wewe tangulia nyumbani," alimwambia kaka yake. "Mama asikae na wasiwasi. Wakishaona si mimi wanayemtafuta, nakuja."

Akapandishwa kwenye behewa la mizigo pamoja na wapagazi, na mlango ukasukumwa. Methusela hakumwona tena dirishani, kwa kuwa behewa lenyewe halikuwa na dirisha.

Muda si mrefu Bwana Miwani naye akapanda treni na watu wake, na Waingereza wakaingia Dodoma kwa farasi na magari. Wakawa wanatafuta watu wa kuandika alama kwenye masanduku yao. Methusela hakungoja. Aliondoka akiwa bado hawezi kubeba mzigo mgongoni, akafuata njia ya kaskazini, akipishana na vikosi vilivyokuwa vikishuka. Askari wa upande ule mwingine walikaa kando ya njia wakivua viatu, na macho yao yalikuwa yale yale. Hakuchora hata mmoja. Njia nzima alipanga atakayomwambia mama, na kila alipoyapanga yalikataa kukaa.

Alifika Haneti mchana. Zizi lilikuwa tupu, ng'ombe wamechukuliwa na jeshi. Mama yake alikuwa nje ya tembe akipepeta mtama kidogo uliobaki, na aliposikia hatua aliinua kichwa, akaweka ungo chini.

"Mbukwa, mama," Methusela alisema.

Mama aliinuka. Alimjia karibu, akamshika masikio, akamshika mabega, kama anunuaye mbuzi. Mama alikuwa mdogo wa mwili kuliko Methusela alivyomkumbuka. Kisha akaitazama njia nyuma yake.

"Alikupata?"

Yote aliyoyapanga njiani yakamtoka akilini. "Alinipata, mama."

"Nilijua atakupata," mama alisema. "Yule nikimtuma harudi bila kitu." Akaingia ndani, akatoka na ngozi za kukalia, akazitandika mbili kivulini, akazipangusa kwa kiganja. Methusela alikaa kwenye moja. Mama akaenda kuchota unga, wa watu watatu, naye akashindwa kumwambia apunguze.